Gauni la Kanyere na Doa Lake

Kanyere Vagheni wa Musienene alikuwa mtu wa kudharau, na hakuificha tabia hiyo. Alimdharau mhubiri aliyesema kirefu kuliko alivyofikiri. Aliwadharau wanunuzi wa viazi waliobonyeza kila kiazi kana kwamba wanachagua mkwe. Aliwadharau waheshimiwa waliopanda kutoka Butembo kila uchaguzi ukikaribia, wakagawa fulana zenye sura zao, wakamwita kila bibi kizee "mama yangu", kisha wasionekane tena mpaka fulana zile zimekuwa matambara ya kushikia sufuria. Majirani walikuwa wamemzoea. Mwanamke yule mrefu, mwenye miaka sitini na kitu, alitembea wima hata akiwa na kikapu cha maharage mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Akikutazama kimya, upande mmoja wa mdomo ukapanda kidogo, ujue kesi yako imekwisha kukatwa na rufaa hakuna.

Lakini katika wote aliowadharau, wazima na marehemu, hakuna aliyemfikia mume wake, Maliro, ambaye alikuwa kaburini miaka kadhaa sasa. Mara chache alipoulizwa Maliro alikuwa mtu wa namna gani, alijibu kwamba alikuwa mwanaume wa kutunza gauni. Watu walicheka bila kuelewa. Aliyeelewa alikuwa mmoja tu, Sifa, rafiki yake wa Beni, na Sifa hakucheka.

Ndiyo maana siku Paulin alipokuja Musienene kuzungumza habari za gauni, Kanyere aliweka jembe chini akamtazama kwa muda mrefu.

Paulin alikuwa mtoto wa mdogo wake Maliro. Alikuwa amekaa Ubelgiji hata watu wakasahau sauti yake, kisha akarudi na miwani mikubwa, viatu vyeupe visivyofaa matope yetu, na tabia ya kugusa vitu vya zamani kwa ncha za vidole kana kwamba vina homa. Alichukua depo ya kahawa ya baba yake mkubwa pale Butembo, akaipaka chokaa, akaweka taa ndogondogo za jua, akaanza kukusanya nguo kuukuu. Alikusanya abakosti, zile suti zisizo na tai za wakubwa wa Zaire, vitenge vyenye nembo za chama kilichokufa, gauni za arusi za wake wa matajiri, na suti za wale wafanyabiashara wa kwanza waliopanda ndege kwenda kuleta mali Asia. Watu wa Butembo, ambao hata msumari uliopinda wanaujulia bei, walishangaa sana kuona mtu anakusanya nguo bila nia ya kuziuza. Wengine walisema ni njia ya kula pesa za wazungu. Wengine walisema amerogwa.

Sasa alikuja kumwambia mama yake mkubwa kwamba ndani ya depo, nyuma ya mizani iliyokufa, alikuta sanduku la chuma, na ndani ya sanduku gauni la jioni, la hariri ya kijani, na kwamba gauni hilo ndilo litakuwa moyo wa nyumba yote. Siku ya ufunguzi alimtaka Kanyere akae mbele kabisa.

Kanyere aliuliza swali moja tu, kama gauni bado lina doa.

"Usiogope, mama mukubwa," Paulin alisema. "Ile tumeipanga muzuri."

Upande wa mdomo ulipanda. Lakini alikubali kwenda, na jambo hilo peke yake lingemtisha Paulin, kama angekuwa anamjua.

Gauni lilikuwa limetoka Brussels, zamani za Zaire, wakati kahawa ilikuwa bado na heshima. Maliro alikuwa mtoto wa mkulima wa Kirumba aliyeanza kwa kubeba magunia ya watu, akafika kuwa na malori, depo, na tumbo lililoanza kutangulia mlangoni. Kanyere alikuwa binti wa Musienene, amesoma kwa masista miaka michache, ameolewa juzijuzi, ana mtoto mmoja wa kiume, Jephté, ambaye bado alikuwa ananyonya. Maliro alimpenda mke wake kama alivyopenda malori yake: alifurahi watu wakigeuka kutazama anapopita.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa kibali. Kahawa aliyonunua kwa wakulima alilazimika kuwauzia wenye vibali vya kuivusha mpaka, nao walimkata bei huku wanakunywa kahawa yake hiyohiyo. Alitaka kibali chake mwenyewe. Mwenye kutia sahihi alikuwa mkubwa mmoja wa Kinshasa, na mkubwa huyo alitangazwa kuja Beni. Wafanyabiashara waliandaa karamu kwenye hoteli. Mchana mkubwa angehutubia uwanjani juu ya kurudi kwenye mila za mababu na kukemea wanawake wanaoiga mambo ya kizungu. Jioni, mwaliko ulisema wake wa waalikwa waje na robe ya soirée, yaani gauni la jioni la kizungu.

Maliro alimwagiza gauni mwenzake aliyekwenda Ulaya. Lilipofika, lilikuwa na bega moja tu, shanga kifuani, na mkia uliofagia sakafu. Kanyere alipolivaa mara ya kwanza, mama mkwe wake alitoka nje. Maliro alimzunguka polepole, kama mtu anayekagua gari jipya, akaridhika.

Walishuka Beni kwa lori la Maliro, gauni limefungwa ndani ya shuka, mtoto ameachwa kwa bibi yake. Dereva alikuwa Jumaine, Mwislamu wa Beni, mtu wa maneno machache. Kanyere alivalia nyumbani kwa Jumaine, na mke wake Jumaine ndiye aliyemfunga vifungo vya mgongoni. Huyo ndiye Sifa. Alifunga vyote, akarudi nyuma hatua, akatazama bega lililo wazi, akauliza kwa upole kama upande mwingine wa nguo ulibaki ndani ya shuka. Kanyere alicheka mpaka vifungo viwili vikafunguka. Urafiki wao ulianzia hapo.

Hotelini mkubwa wa Kinshasa alikaa katikati ya meza ndefu, abakosti yake ya rangi ya maziwa imemkaza shingoni. Alimwona Kanyere tangu mlangoni. "Mwasi kitoko," alisema kwa Kilingala, mwanamke mzuri. Alimwambia Maliro, si Kanyere, kama mtu anavyomsifia muuzaji mbuzi wake. Kisha akamwinua kucheza. Wimbo ulikwisha, hakumwachia. Wa pili ulikwisha, mkono wake ukawa umeshuka mahali ambapo mkono wa mgeni haushuki. Kila Kanyere alipotazama upande wa mume wake ili amtoe katika shida ile, alimkuta Maliro anatabasamu, na tabasamu linazidi kuwa kubwa.

Chakula kilipokaribia kuletwa, Maliro alimvuta pembeni karibu na mlango wa jikoni. Alimwambia kwamba wakimaliza kula, mkubwa ataondoka mapema kwenda nyumba ya wageni, na yeye Kanyere atafuatana naye, kwa sababu mkubwa anataka kumwonyesha makaratasi ya kibali.

"Miye makaratasi ya kahawa sijui kuisoma," Kanyere alisema. "Wende weye."

"Anakuita weye."

"Na weye bwana yangu, unasema nini?"

Maliro alimwondolea uzi mmoja uliokuwa begani. "Miye ninasema, uchunge heshima ya nyumba yetu. Ni saa kidogo tu."

Kanyere alifikiria kukimbia. Lakini gauni lile halikushonwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu, mlangoni kulikuwa na askari, na mji haukuwa wake. Basi alirudi, akaketi kando ya mkubwa, na chakula kikaja. Kilikuwa nyama ya mbuzi, imepikwa kwa mawese na nyanya na pilipili, bado inatoa moshi. Kanyere alijipakulia. Aliongeza nyama, akaongeza mchuzi, sahani ikajaa hadi ukingoni, na mkubwa akafurahi, akasema anapenda mwanamke anayekula. Kanyere alishika sahani kwa mikono miwili, akaiinamisha mapajani mwake. Aliimwaga polepole, kama mtu anayemwagilia mche, mpaka ikabaki nyeupe.

Mchuzi ulikuwa wa moto. Alibana meno. Hariri ilikunywa mawese toka kiunoni hadi magotini, vipande vya mbuzi vikateleza sakafuni, na mchuzi wa pilipili ukaruka ukatua kwenye suruali ya rangi ya maziwa. Mkubwa aliruka kama aliyekanyagwa. Wanawake walikuja na vitambaa. Harufu ya mbuzi ilijaa meza yote. Mkubwa alimtazama yule mwasi kitoko aliyepakaa mafuta hadi viatuni, akakunja pua, akageukia meza nyingine.

Maliro alizunguka akiomba radhi kwa kila mtu. Alisema mke wake ni mtu wa kijijini, hajazoea hoteli, sahani imemponyoka. Na habari hiyo ndiyo iliyopanda njia ya Butembo mbele ya lori: maskini Maliro, ameoa mwanamke asiyeweza kushika sahani. Jumaine alimrudisha Kanyere nyumbani kwake, Sifa akamwagia mapaja maji baridi, akampa kitenge, na Kanyere akamwambia ukweli. Baada ya hapo hakumwambia mwingine.

Kibali kilikwenda kwa mtu mwingine, Syauswa, mfanyabiashara wa Butembo kama Maliro, aliyekuwa kwenye karamu ileile na mke wake.

Maliro hakumpiga mke wake. Alipata njia iliyomfaa zaidi. Alikataza gauni lisifuliwe. Alilikunja na doa lake, akalitia ndani ya sanduku la chuma na vidonge vya kufukuza nondo, na kila walipogombana, iwe ni juu ya chumvi au juu ya ada ya shule, alilitoa akalitandaza kitandani. "Angalia kibali changu," alisema. Vidonge vikiisha nguvu, alinunua vingine. Mwanaume ambaye hakukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake hata mmoja hakusahau kununua dawa ya nondo. Askari walipochukua malori, kosa lilikuwa la gauni. Ugonjwa ulipokausha mikahawa toka Lubero hadi Eringeti, mamilioni ya miti ambayo haikupata hata siku moja kuliona gauni hilo, bado kosa lilikuwa la gauni. Hivyo ndivyo hariri ile ilivyopona vita, panya na unyevu. Halikuwa penzi lililolitunza. Ilikuwa chuki ya mtu mdogo aliyekosa sahihi.

Sifa alimwuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka. Kanyere alijibu kila mara jibu tofauti: watoto, mashamba, mapadri, mahari iliyokwisha kuliwa. Siku moja alisema kwamba kama angeondoka, Maliro angepata kusema ameachwa, na watu wangemhurumia, na yeye hakuwa tayari kumzawadia hata huruma. Sifa alisema hilo ni jibu la mtu anayeteseka ili kumkomoa mwingine.

Mwishowe alipanda Musienene kulima mashamba ya baba yake, akamwacha Maliro na sanduku lake kule depo, Butembo. Maharage na viazi viliwasomesha watoto. Jephté, mkubwa wao, alikua akimpenda sana baba yake, maana Maliro kwa watoto alikuwa mpole, mwenye hadithi na peremende mfukoni. Kanyere hakumwondolea hilo. Maliro alipougua, alishuka akamwuguza, akamwosha, akamzika, bila kumwambia neno la kumuumiza. Tabia yake ilikuwa kutomwonyesha dharau mgonjwa asiyeweza kujibu.

Siku ya ufunguzi Jephté alimpakia mama yake kwenye pikipiki yake. Sifa, ambaye tangu watu walipoanza kuuawa mashambani kwa Beni alikuwa amehamia Butembo kwa binti yake, aliwasubiri mlangoni pa depo na kitambaa kizuri kichwani. Waliingia.

Kanyere alitazama kwa furaha ya uchungu. Watu ambao nyumbani kwao nguo ikichakaa wanaipangusia pikipiki, hapa walitembea kwa ncha za vidole, wakanong'ona mbele ya kaptula za marehemu kama mbele ya sakramenti. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba kwenye abakosti. Mwishoni mwa chumba, ndani ya kioo, gauni lilisimama limevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Kanyere aliona kwamba hapo angalau Paulin hakukosea. Maliro angependa mke wa namna ile. Toka kiunoni hadi magotini kulizungushwa kitambaa chekundu kilichofungwa ua kubwa, na karatasi kando yake ilisema: zawadi ya mapendo, kutoka kwa Maliro kwa mke wake Kanyere.

Waalikwa walikaa. Mstari wa mbele alikuwepo Syauswa, mzee sasa, fimbo kati ya magoti, na mke wake Kavuo kando yake, bibi mwenye umbo dogo na kitambaa cheupe kichwani, aliyetazama mikono yake. Paulin alihutubia. Alisema gauni hili linashuhudia kwamba mapendo yalikuwepo hapa kwetu, kwamba katika nyakati ngumu mwanaume wa Kinande alimvisha mke wake kama malkia, na kwamba baba yake mkubwa alilitunza hadi kufa kwa sababu hakuweza kuachana na kumbukumbu ya usiku ule. Jephté alipangusa macho. Kisha Paulin alisema mwezi ujao gauni litapelekwa Ubelgiji kwa wataalamu, walitoe alama kidogo ya uzee, ili lirudi kama lilivyokuwa.

Kanyere alisimama.

"Paulin, soma tena ile karatasi."

Paulin alisoma, kwa sauti nzuri, akidhani bibi amefurahi.

"Donc alinipatia miye?"

"Ndiyo, mama mukubwa. Njo vile."

"Na kitu mutu alipewa, iko ya nani?"

Watu wachache walianza kucheka. Paulin hakuwa mjinga, alichelewa tu. Aliona shimo akiwa ameshatia mguu. Alisema ni ya aliyepewa, lakini, na hakumaliza.

"Basi iko yangu. Nimeijulia hapa, mbele ya batu. Ile kitambaa nyekundu, uiondoe."

Paulin alimsogelea, akamnong'oneza kwamba chini ya kitambaa kuna doa.

"Ninajua," Kanyere alisema bila kupunguza sauti. "Miye njo niliiweka."

Macho yote yalikuwa kwa Paulin. Angekataa, ingembidi aseme gauni si la Kanyere, na mapendo yote aliyoyahutubia yangebaki hewani. Alifungua kioo, akafungua ua. Doa lilionekana: kubwa, la rangi ya kahawia, limekauka kingo, limekula hariri hadi nyuzi zimeanza kuachana.

Hapo Syauswa, kwa wema wake wote, alitaka kumsaidia. Alisema hakuna aibu. Alisema yeye alikuwepo siku ile, kwamba Kanyere alikuwa bado binti, hoteli hajaizoea, sahani ikamponyoka, na kwamba wote walishamsamehe zamani.

Pengine angesema neno lingine lolote, Kanyere angeketi. Lakini kusamehewa na Syauswa hakukuvumilika.

"Sahani haikuniponyoka," alisema. "Niliimwaga. Bwana yangu alinituma niende kulala na ule mukubwa, juu ya kibali. Sikuenda. Njo maana kibali ulipata weye, Syauswa. Na miye sikuulizi uliipata namna gani."

Fimbo ya Syauswa iliteleza ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Kavuo, mke wake, aliacha kutazama mikono yake. Aliinuka polepole, akapita mbele ya watu wote hadi kwenye kioo kilichokuwa wazi, akasimama mbele ya doa kama mtu anayesoma. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha aligeuka, akamtazama Kanyere usoni bila hasira na bila salamu, akatoka nje kwenda kwenye gari, hakumsubiri mume wake.

Kanyere alibaki amesimama. Maisha yake yote alikuwa ameingia katika kila chumba akijua nani wa kumdharau na kwa kiasi gani. Alimtazama yule mwanamke wa umbo dogo akivuka kizingiti, na mdomo wake haukujua la kufanya. Alipogeuka kumtafuta Jephté, kiti cha Jephté kilikuwa kitupu, na nje pikipiki ilikuwa inanguruma.

Sifa ndiye aliyemchukua. Walitembea hadi nyumbani kwa binti yake, wakaketi uani, na chai ikaletwa. Kanyere aliuliza kama hakupaswa kusema lile neno la mwisho, la kibali.

"Hukupaswa," Sifa alisema. "Ile ingine yote, ulichelewa. Lakini ile, hapana."

Kanyere alikunywa chai yake.

Gauni hakulichukua, angelifanyia nini Musienene, afunikie viazi? Alimwachia Paulin kwa sharti moja, kwamba asije mtu yeyote, wa Ubelgiji au wa hapa, akaligusa kwa sabuni. Paulin aliapa, na kwa mshangao wake mwenyewe akaja kufurahia kiapo hicho, maana wageni waliongezeka. Waliotoka Goma na Kampala waliuliza kwanza doa. Siku hizi Paulin huwaonyesha jinsi sahani ilivyoinamishwa, kwa mikono yake miwili, macho yamefumbwa kidogo, kana kwamba alikuwa chini ya meza ile. Karatasi ya mapendo aliiondoa akaandika nyingine yenye maneno makubwa juu ya ujasiri wa wanawake. Kanyere alipoambiwa, alisema Paulin ni mtu anayeweza kuuza hata matapishi, mradi ayawekee kioo na taa. Hakukanyaga tena pale.

Kwa Kavuo alimtuma Sifa, mara moja, na maneno ya kuomba radhi ambayo ilimchukua wiki kuyatunga. Sifa alirudi akasema Kavuo alimkaribisha vizuri, alimpa ndizi, alizungumza juu ya bei ya unga na mvua iliyochelewa, na maneno yale alipoyasikia alitikisa kichwa mara moja, akauliza kama Kanyere bado analima. Zaidi ya hapo hakusema. Kanyere alitaka kujua alitikisa namna gani, kwa kukubali au kwa kukataa. Sifa alisema hakuweza kutambua.

Jephté hakupanda Musienene msimu wote wa maharage. Alituma mbegu kwa watu wengine, alituma sukari, mwenyewe hakuja. Kanyere hakumwita. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe ana kazi nyingi, na majirani, waliokwisha kusikia kila kitu siku ileile, walisema ndiyo, kazi za mjini ni nyingi.

Alikuja wakati wa kuvuna viazi, asubuhi moja ya ukungu, akaegesha pikipiki chini kwenye njia, akapanda mlima kwa miguu. Alisalimu, akavua koti, akachukua jembe la pili lililokuwa limeegemea ukuta, akaanza mstari wa upande wa mama yake. Walichimba hadi ukungu ukainuka na mabati ya kanisa yakaonekana bondeni. Viazi vilikuwa vizuri mwaka ule, vikubwa, ngozi safi.

"Mama," Jephté alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Ile siku, miye nilikuwa wapi?"

Kanyere alipangusa udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba.

"Kwa mukaka wako, mama ya baba yako. Ulikuwa unaota meno. Tuliporudi, banasema ulilia usiku yote."

Jephté alitikisa kichwa. Akasogeza gunia karibu na mama yake ili asilazimike kurusha mbali, wakaendelea na mstari.